Kiswahili cha Kalamu: Historia ya Insha katika Migori na Homa Bay

Kaunti za Migori na Homa Bay ziko kusini magharibi mwa Kenya, kati ya Ghuba ya Winam na mpaka wa Tanzania. Wakazi wengi ni Wajaluo, na lugha yao, Dholuo, ni ya jamii ya Kinailoti, isiyo na nasaba yoyote na Kiswahili. Mashariki mwa Migori, kuanzia Kehancha hadi Isebania, wanaishi Wakuria, ambao lugha yao ni ya Kibantu. Visiwa vya Rusinga na Mfangano na ukanda wa Ziwa Victoria unaovikabili ni makao ya Wasuba, Wabantu ambao vizazi vyao vya karibuni vimehamia Dholuo kwa kiasi kikubwa. Kwa jamii zote hizi Kiswahili ni lugha ya pili, na kwa wengine ni ya tatu. Si lugha ya nyimbo za kumbembeleza mtoto wala ya mazungumzo ya jikoni. Kimewafikia watu kwa njia mbili zilizo mbali sana: kwanza kwa sikio, bandarini, kambini na sokoni, kisha kwa kalamu, darasani. Njia ya pili ndiyo iliyokifanya kuwa mali ya watu wengi, na chombo chake kikuu kimekuwa insha.

Kiswahili cha bandari, kambi na mgodi

Hadi mwaka 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda chini ya Waingereza. Mwaka huo liliingizwa katika himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya, na baadaye likajulikana kama wilaya ya Kavirondo Kusini, kisha Nyanza Kusini. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Kutoka hapo meli zilizunguka ziwa zikitia nanga Kendu Bay, Homa Bay, Karungu na Muhuru. Pamoja na nguo, chumvi na sabuni, meli hizo zilileta lugha. Wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani waliweka makao Kendu Bay, na mji huo mdogo ukawa mahali ambapo Kiswahili kilisikika kila siku dukani na msikitini. Alama ya biashara ile ingali ndani ya Dholuo yenyewe: maneno ya chumvi, meza, dirisha na sabuni yanayotumika vijijini hadi leo yalitoka katika Kiswahili.

Serikali ya kikoloni nayo ilikitumia Kiswahili kama lugha ya amri. Maofisa wa wilaya walitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili, na askari, makarani na wakalimani wa boma walikitumia kati yao na wananchi. Vita Vikuu vya Kwanza viliongeza kasi. Mwaka 1914 Wajerumani walivuka mpaka na kupigana na Waingereza mjini Kisii, na katika miaka iliyofuata maelfu ya vijana wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Waliorudi walirudi na Kiswahili cha safari na mizigo. Katika Vita Vikuu vya Pili wengine wengi waliingia katika kikosi cha King's African Rifles na kupelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma. Humo Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride na ya urafiki kati ya askari wasiokuwa na lugha nyingine ya pamoja.

Kazi za mshahara zilifanya vivyo hivyo. Mashamba ya chai ya Kericho, bandari ya Mombasa, reli na mgodi wa Macalder huko Nyatike, uliochimbwa dhahabu na shaba hadi miaka ya 1960, viliwakutanisha watu wa makabila mengi. Tom Mboya, mwana wa Rusinga, alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge huko Kilimambogo, ambako baba yake alifanya kazi. Maisha ya namna hiyo yalizalisha Kiswahili chepesi, kilichotosha kazi na mshahara, lakini kisichohitaji upatanisho wa ngeli wala sentensi ndefu. Mtu aliweza kukaa nacho miaka thelathini bila kuandika hata barua moja.

Kalamu ya kwanza haikuwa ya Kiswahili

Jambo linaloitofautisha historia ya Nyanza Kusini na ile ya pwani, au ya Tanganyika, ni kwamba kuandika kulianza hapa kwa lugha nyingine. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, mmisionari wa Kanada wa Kanisa la Waadventista Wasabato, alifika pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, wakaanzisha misheni Gendia karibu na Kendu Bay. Carscallen alijifunza Dholuo, akaandika sarufi yake, na misheni ikapata mtambo wa kuchapisha. Uchapishaji wa Kiadventista haujaondoka Gendia tangu wakati huo. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walijenga misheni na shule Asumbi, na Waadventista wakaongeza kituo cha Kamagambo karibu na Rongo. Vituo hivyo viwili baadaye vilizaa vyuo vya ualimu.

Wamisionari walitaka Neno lisomwe kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo mtoto wa kwanza aliyeshika kibao na chaki katika Karachuonyo au Kamagambo aliandika Dholuo. Agano Jipya la Dholuo lilichapishwa katika miaka ya 1920 na Biblia nzima ikafuata katika miaka ya 1950. Aliyeendelea na masomo alivuka moja kwa moja hadi Kiingereza, lugha ya ukarani, ualimu na ngazi za juu. Kiswahili kilibaki katikati bila kiti chake darasani.

Maamuzi ya serikali yaliimarisha hali hiyo. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza watoto waanze kusoma kwa lugha zao na Kiingereza kifuate, na haikukipa Kiswahili nafasi kubwa nje ya maeneo yaliyokizungumza. Kwa upande mwingine, Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930 kusanifisha tahajia, kamusi na vitabu. Lakini usanifishaji huo haukufika mbali katika shule za Nyanza. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1953 hadi 1955 iliona kwamba kumfundisha Kiswahili mtoto aliyeanza kusoma kwa lugha nyingine ni kupoteza muda na juhudi. Baada ya hapo Kiingereza kilisukumwa kutumika kufundishia tangu madarasa ya chini kabisa.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda kinyume. Mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 uliwakata Wakuria vipande viwili. Upande wa Tarime, Wajerumani na kisha Waingereza wa Tanganyika walikitumia Kiswahili katika shule na ofisi, na baada ya uhuru Tanzania ilikifanya lugha ya kufundishia masomo yote ya shule ya msingi. Hivyo ndugu wa ukoo mmoja walijikuta na elimu mbili: wa Tarime akiandika hesabu, jiografia na siasa kwa Kiswahili, na wa Kehancha akiandika hayo yote kwa Kiingereza. Soko la mpakani la Isebania na Sirari likawa mahali ambapo Kiswahili cha darasani cha upande mmoja kilikutana na Kiswahili cha sokoni cha upande wa pili.

Miaka ishirini ya somo lisilo na mtihani

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi, huku Kiingereza kikibaki lugha ya kufundishia. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike bungeni. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilikwenda mbali zaidi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima na kitahiniwe. Karatasi zilisema hivyo. Darasa lilisema jingine. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, uliojulikana kama CPE, haukuwa na karatasi ya Kiswahili. Katika shule ambamo nafasi ya kidato cha kwanza ilitegemea alama chache, somo lisilotahiniwa lilipokonywa vipindi vyake. Kipindi cha Kiswahili kiligeuzwa kuwa cha hesabu, au cha Kiingereza, au cha kazi ya shamba la shule. Katika shule za upili Kiswahili kilikuwa somo la hiari, na shule nyingi za Nyanza Kusini hazikuwa na mwalimu wake.

Kwa hiyo kizazi kilichosoma kati ya 1964 na 1984 kiliweza kukisikia Kiswahili redioni, kukizungumza na dereva wa basi na kukiimba katika nyimbo za taifa na za kanisa, lakini wengi walimaliza shule bila kuandika ukurasa mmoja kamili kwa lugha hiyo. Kuandika barua rasmi au kumbukumbu za mkutano kulimaanisha Kiingereza, na barua ya nyumbani ilimaanisha Dholuo au Igikuria.

Mwaka 1985 na kuingia kwa insha

Januari 1985 mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ulianza. Mwishoni mwa mwaka huo watahiniwa wa kwanza waliketi kufanya KCPE, mtihani mpya wa kumaliza shule ya msingi, na Kiswahili kikawa miongoni mwa masomo ya lazima. Waliokuwa darasa la nane mwaka huo walikuwa wamesoma karibu masomo yao yote ya msingi katika mfumo wa zamani, na ghafla lugha waliyoizoea kama kipindi cha ziada ikawa na uzito sawa na Kiingereza. Mwaka 1989 mtihani wa kwanza wa KCSE, wa kumaliza shule ya upili, ulifanywa, na humo pia Kiswahili kikawa cha lazima.

Katika muundo wa KCPE uliozoeleka kwa miaka mingi, karatasi ya Kiswahili ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu. Ya pili ilikuwa insha ya alama 40, iliyoandikwa kwa dakika 40, ambamo mtahiniwa alipewa kichwa, mwanzo au mwisho wa kisa na kutakiwa kukijaza kwa lugha yake mwenyewe. Sehemu ya kwanza ilimruhusu mtoto kubahatisha. Ya pili haikumruhusu. Insha ilidai sentensi zilizounganika, tahajia sahihi, aya zenye mpangilio na msamiati wa kutosha kujaza ukurasa. Hapo ndipo Kiswahili cha sikio kilipoonyesha mapungufu yake, na ndipo shule zilipoanza kukifundisha kwa dhati.

Desturi mpya ikazaliwa katika shule za Rongo, Awendo, Ndhiwa, Oyugis na Mbita. Kila wiki wanafunzi waliandika insha, na daftari la insha likatengwa na daftari la zoezi. Methali ziliandikwa kwenye manila na kubandikwa ukutani. Kulikuwa na siku za kuzungumza Kiswahili pekee, na katika shule nyingi aliyeteleza akanena lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni hadi ampate mwenzake wa kumkabidhi. Adhabu hiyo iliacha uchungu kwa wengi na haikuongeza ufasaha, kwa kuwa ilimfundisha mtoto kunyamaza badala ya kusema. Daftari la insha lilifanya kazi iliyo bora zaidi: lilimpa mtoto mwoga nafasi ya kujaribu lugha bila kuchekwa, kukosea, kusahihishwa kwa wino mwekundu na kujaribu tena.

Vyuo vya ualimu

Mageuzi ya 1985 yalikuwa na pengo kubwa: walimu. Mwalimu wa shule ya msingi alitarajiwa kufundisha masomo yote, na wengi wao walikuwa zao la miaka ile ya somo lisilo na mtihani. Walitakiwa kufundisha kuandika kwa lugha ambayo wenyewe hawakufundishwa kuiandika. Mzigo wa kuliziba pengo hilo uliangukia vyuo vya ualimu, na katika eneo hili miongoni mwa vyuo hivyo ni Asumbi katika Homa Bay, na Kamagambo na Migori katika Kaunti ya Migori.

Katika mafunzo ya miaka miwili ya P1, cheti cha ualimu wa shule za msingi, kila mwanachuo alisoma Kiswahili, awe anakipenda au anakiogopa. Alijifunza fonetiki, ngeli, fasihi simulizi na mbinu za kufundisha, lakini sehemu kubwa ya umilisi wake ilitoka katika maandishi ya kazi yenyewe. Kabla ya kuingia darasani kwa mazoezi ya kufundisha, aliandika azimio la kazi la muhula mzima. Kwa kila kipindi aliandika andalio la somo, lenye malengo, utangulizi, hatua, hitimisho na tathmini, yote kwa Kiswahili. Baada ya kipindi alijaza rekodi ya kazi. Mkufunzi alikaa nyuma ya darasa akilinganisha kilichoandikwa na kilichosemwa. Mwanachuo aliyetoka Uriri au Gwassi bila kuwahi kuandika zaidi ya ukurasa mmoja wa Kiswahili alimaliza chuo akiwa ameandika madaftari kadhaa.

Njia hii ilimfaa mtu mzima anayejifunza lugha ya pili. Anayezungumza hana muda wa kuchagua kiambishi, anayeandika anao. Anaweza kusimama katikati ya sentensi, kufungua kamusi, kurudi nyuma na kurekebisha. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1981, ilikuwa nguzo ya maktaba za vyuo hivyo. Mwanachuo alipoulizwa na mwanafunzi neno asilolijua, aliahidi kurudi nalo kesho, na kurudi huko kulimfundisha mwenyewe kabla ya kumfundisha mtoto. Mwaka 2021 mafunzo ya P1 yalianza kuondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na stashahada ya miaka mitatu. Maandishi ya maandalizi, hata hivyo, yamebaki kuwa uti wa mgongo wa kazi ya mwalimu.

Kalamu inavyofundisha kila jamii

Faida ya kuandika inaonekana wazi katika makosa yanayotokea na jinsi yanavyorekebishwa. Dholuo haina ngeli. Kivumishi kimoja, *maber*, humfuata mtu, nyumba au kitabu bila kubadilika, isipokuwa katika wingi. Mjaluo anayejifunza Kiswahili anakutana na lugha inayodai mtu mzuri, kitu kizuri, gari zuri na mito mizuri. Katika mazungumzo ya sokoni tofauti hizo humezwa, na "kitabu yangu" hueleweka vizuri bila mtu kukatizwa. Katika daftari, kosa hilo hukaa mbele ya macho. Mwalimu hulizungushia wino, na mwanafunzi huandika tena sentensi nzima, kwa kuwa kubadili nomino moja kunavuruga kivumishi, kiwakilishi na kitenzi vinavyoifuata. Upatanisho wa kisarufi haukujifunzwa hapa kwa kusikia. Ulijifunzwa kwa kuandika na kuandika tena.

Tahajia ina hadithi yake. Dholuo haina sauti za sh, z na v, kwa hiyo mwanafunzi aliyejifunza kwa sikio pekee huandika "sule" kwa shule, "samba" kwa shamba na "sawadi" kwa zawadi. Imla na insha zimekuwa dawa ya makosa hayo, maana jicho linashika tofauti ambayo sikio halijaizoea, na ulimi hufuata baadaye. Kwa upande mwingine herufi dh na th, zinazowatatiza wanafunzi wa sehemu nyingine za bara, si ngeni kwa mtoto wa Kijaluo, kwa sababu maandishi ya Dholuo yanazo tangu siku za wamisionari.

Mkuria huanza mahali pengine. Lugha yake ina ngeli na viambishi, *omonto* katika umoja na *abanto* katika wingi, na mantiki ya ngeli ya m-wa haimshangazi. Tatizo lake ni ukaribu wenyewe: maneno yanayofanana humvuta kuandika Igikuria katika sura ya Kiswahili, na herufi r hujitokeza palipotakiwa l. Lakini anayeishi Isebania hupata msaada mkubwa wa kusikia, kwa kuwa redio, magazeti, wachuuzi na jamaa wa Tarime humpa Kiswahili cha Tanzania kila siku. Mwanafunzi wa Mfangano mara nyingi huja darasani na Dholuo kama lugha ya kwanza, ilhali mababu zake walisema lugha ya Kibantu yenye ngeli zake. Kwake, kujifunza ngeli za Kiswahili ni kurudi katika muundo ambao ukoo wake uliuacha katika vizazi vichache vilivyopita.

Shule za upili na fasihi

Katika KCSE insha ilipewa karatasi yake, ya kwanza kati ya tatu. Kwa muundo uliotumika kwa muda mrefu, mtahiniwa hupewa saa moja na dakika arobaini na tano kuandika insha mbili za alama 20 kila moja, zisizopungua maneno 400. Ya kwanza ni ya lazima na aghalabu ni ya kiuamilifu: barua rasmi, hotuba, ripoti, kumbukumbu za mkutano, tahariri, mahojiano au tawasifu. Ya pili huchaguliwa kati ya mada tatu, ambazo mara nyingi huwa na methali, mdokezo wa kuendelezwa au hoja ya kujadiliwa. Karatasi ya kwanza ina alama 40 kati ya 200 za somo zima, lakini ustadi wake unahitajika pia katika ufupisho wa karatasi ya pili na majibu marefu ya fasihi katika ya tatu.

Watahini hupanga insha katika viwango vinne, kutoka D hadi A, wakitazama maudhui, msamiati, mtindo, sarufi na tahajia. Mpango huo uliathiri ufundishaji moja kwa moja. Insha za kiuamilifu ziliwapa wanafunzi wa Nyanza Kusini jambo ambalo wazazi wao hawakuwa nalo: uwezo wa kuandika kwa Kiswahili mambo ya ofisi na mikutano, yaliyokuwa milki ya Kiingereza. Aliyesomea kumbukumbu za mkutano kidato cha tatu aliweza kuwa karani wa kikundi cha wavuvi, chama cha wakulima wa miwa huko Awendo, ambako kiwanda cha sukari cha Nyanza Kusini kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, au kamati ya shule.

Vitabu teule navyo viliinua kiwango. Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea za Ken Walibora, na tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia zilisomwa kwa makini kuliko kitabu chochote cha Kiswahili kabla yake. Walibora, aliyezaliwa magharibi mwa Kenya na kufariki mwaka 2020, alikuwa na maana ya pekee kwa wanafunzi wa kanda ya ziwa: alikuwa thibitisho kwamba mtu asiyezaliwa pwani, na ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake, anaweza kukiandika kwa ufundi wa hali ya juu.

Hata hivyo desturi ya insha ilikuwa na kasoro yake kubwa, nayo ni kukariri. Walimu wenye haraka ya alama waliwapa wanafunzi orodha za mapambo: kuamka alfajiri na mapema, jua kuchomoza kwa madaha, ndege kutumbuiza, moyo kudunda mithili ya ngoma. Orodha hizo ziliingizwa katika kila kisa, kiwe cha harusi, ajali au siku ya michezo. Matokeo yake ni insha zilizoanza kwa lugha ya kupaa na kuanguka mara tu kisa chenyewe kilipoanza, kwa sababu mwandishi hakuwa na msamiati wa kawaida wa kueleza mashua kupinduka au mzazi kuugua. Kasoro hii si ya uvivu wa wanafunzi. Chanzo chake ni uhaba wa vitabu vya kusoma: asiyesoma hadithi nyingi hana pa kuchota ila katika orodha ya mwalimu.

Vyuo vikuu

Kwa muda mrefu aliyetaka kusomea Kiswahili hadi shahada alilazimika kwenda Nairobi, Eldoret au Maseno. Hali ilibadilika mwaka 2011 ilipoanzishwa Rongo kama chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2016 Rongo ilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili. Mwaka huohuo kilianzishwa mjini Homa Bay chuo kilichopewa jina la Tom Mboya, kikiwa kishirikishi cha Maseno, na baadaye nacho kikajitegemea.

Mwanafunzi wa shahada ya ualimu anayechagua Kiswahili pamoja na Historia au Dini hukutana na maandishi ya namna mpya. Insha za shule ya upili zilimtaka hasa asimulie au afuate muundo uliowekwa. Tasnifu na kazi za semina zinamtaka atoe hoja, ataje aliyoyasoma, alinganishe nadharia na kutetea msimamo kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa isimu anaweza kuandika kuhusu makosa ya Wajaluo katika ngeli kwa lugha ileile aliyoikosea akiwa darasa la nne. Huko ndiko lugha ya pili inakokomaa: inapoacha kuwa kitu kinachochunguzwa na mwalimu na kuwa chombo cha kuchunguzia mambo.

Sheria na utambuzi wa kimataifa navyo vimekiongezea Kiswahili uzito. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Mtaala mpya

Mradi wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia mwaka 2015, ulileta vitabu vya kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza hadi mikononi mwa watoto wa madarasa ya chini, jambo ambalo shule nyingi za vijijini katika kaunti hizi hazikuwahi kuliona. Kisha ukaja Mtaala wa Umilisi, unaopanga somo la lugha katika kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika na sarufi. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na pamoja nayo ikaondoka ile insha ya dakika 40 iliyokuwa kipimo cha kizazi kizima.

Mabadiliko haya yana faida na hatari. Faida ni kwamba mazungumzo na usomaji vimepata nafasi iliyokosekana, na mtoto hahukumiwi tena kwa kisa kimoja alichokiandika asubuhi moja. Hatari ni ileile ya miaka ya 1964 hadi 1984: kazi isiyopimwa kwa uzito hupokonywa nafasi yake. Uandishi mrefu unachosha kuufundisha na unachosha zaidi kuusahihisha, hasa pale mwalimu mmoja anapokuwa na madaftari ya darasa la wanafunzi sitini au zaidi. Ukiachiwa hiari ya kila shule, ndio utakaokuwa wa kwanza kuachwa.

Historia ya Migori na Homa Bay inatoa hukumu iliyo wazi. Bandari, jeshi, mgodi na soko viliwapa watu Kiswahili cha kutosha kupita, lakini kwa zaidi ya miaka themanini havikuwapa Kiswahili cha kuandikia. Kilichowapa Kiswahili hicho ni daftari la insha na walimu wa Asumbi, Migori na Kamagambo, waliojifunza lugha wakiiandika ndipo wakaifundisha. Insha ilifaulu palipokuwa na usomaji nyuma yake, na ilishindwa ilipogeuzwa kukariri mapambo. Kwa hiyo wajibu wa shule na wa kaunti unajulikana: kila mwanafunzi aendelee kuandika Kiswahili kwa kirefu kila wiki, mwalimu apewe muda wa kusahihisha, na maktaba za shule zijazwe riwaya, hadithi na magazeti ya Kiswahili, ili kalamu ya mtoto ipate pa kuchota.